Taa ya rada kwenye baiskeli: uzoefu wangu barabara ya Bagamoyo

Wanaoendesha baiskeli barabara ya Bagamoyo wanaujua upepo wa kaskazi. Ukishapita Bunju nyumba zikaanza kupungua, unakupiga usoni na masikio yanajaa mvumo. Lori la mchanga linaweza kuwa mita kumi nyuma yako na usilisikie. Kwa hiyo nilikuwa nageuka kila dakika, na kila nikigeuza shingo kulia, usukani nao unafuata, baiskeli inajisogeza katikati ya lami. Yaani nilikuwa nayafuata magari ili nijue kama yapo.

Hapo ndipo nilipoamua kununua Garmin Varia RTL515. Shemeji aliniletea kutoka Dubai. Ilipoingia sokoni mwaka 2020 bei yake ilikuwa dola 200 hivi, na mimi sikupata nafuu kubwa. Fundi wangu wa Tegeta aliishika, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Kaka, laki tano kwa taa? Si ungefunga saiti mira ya bodaboda tu?" Nikacheka. Nitalirudia hilo.

Ukiitazama ni taa nyekundu ya kawaida, gramu 71, inafungwa kwenye nguzo ya siti. Ila ndani ina rada inayotazama nyuma hadi mita 140. Haina kamera. Inarusha mawimbi, yakigonga kitu kinachokukaribia yanarudi, na taarifa inakwenda kwenye kompyuta ya baiskeli, yaani kile kiskrini kidogo cha kwenye usukani, au kwenye simu, nayo inalia. Pembeni mwa skrini unaona doti inapanda: juu ni wewe, doti ni gari. Rangi ikiwa ya njano kuna gari linakuja, ikiwa nyekundu linakuja kwa kasi kubwa. Yote yakishapita, kijani.

Siku ya kwanza nilitoka alfajiri, giza bado. Karibu na Mapinga ikalia. Sikusikia chochote isipokuwa upepo, nikasema moyoni nimeshapigwa, kitu kibovu hiki. Doti ikapanda, chini yake ikatokea ya pili. Mara nikaona kivuli changu kimelala mbele kwenye lami, kirefu, kinazidi kuwa cheusi, kwa taa za gari lililokuwa nyuma. Ikapita Fuso, ikafuata Noah. Mimi nilikuwa pembeni zamani.

Baadaye nilipiga hesabu. Mimi natembea kilomita 25 kwa saa, gari 80. Mita 140 hapo ni kama sekunde tisa. Zinatosha kumaliza kukwepa shimo na kurudi pembeni, au kurudisha chupa ya maji na kushika usukani kwa mikono miwili. Shingo yangu imepumzika, na baiskeli inakwenda mstari ulionyooka.

Sasa matatizo, maana yapo. Rada hii inaona kitu kinachokuzidi mwendo. Bajaji ikikufuata kwa kasi ileile yako, doti inapotea, na bajaji iko palepale nyuma yako. Kwenye kona haioni gari mpaka litokeze. Gari dogo lililojificha nyuma ya lori linaweza kuchelewa kuonekana, kwa hiyo lori likishapita usikimbilie kuhama pembeni. Na mjini ni kero tupu. Mwenge saa moja asubuhi kila kitu kinakuja nyuma yako, inalia mpaka watu kituoni wanakutazama. Pale nazima mlio, nabaki na taa peke yake.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Siku moja narudi kutoka Bagamoyo, mvua imekata, nikakunja koti la mvua nikalifunga chini ya siti. Nikaendesha muda mrefu skrini ikiwa kimya, nikifurahia barabara tupu. Coaster ikanipita karibu na kiwiko, honi juu. Koti lilikuwa limeteremka likaiziba taa yote. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza safari nasubiri gari moja lipite nione kama doti inatokea. Isipotokea, nashuka nikague.

Na kuna hatari ambayo kifaa hiki hakikutengenezwa kuizuia. Barabara yetu, anayekutisha zaidi mara nyingi yuko mbele: daladala linalolipita lenzake likaja upande wako, au bodaboda anayekuja kinyume pembezoni akiwa na mizigo pande zote mbili. Huyo rada haimjui. Wala haikwambii kama dereva wa nyuma amekuona. Inakwambia anakuja, basi.

Chaji haijanisumbua. Mwanga wa kumeta wa mchana unakaa saa 16, ule wa usiku saa 6, na safari yangu ndefu haifiki huko. Mvua za masika imezivumilia. Tundu la kuchajia ni lile la zamani, micro-USB, lakini waya hizo kwetu zimejaa droo nzima. Kilichonisumbua ni simu: mwanzoni niliitumia kama skrini, jua la saa nne likawa halinioneshi kitu na betri inaisha njiani. Nikatafuta kompyuta ya baiskeli iliyotumika. Kwa hiyo bei ya taa siyo bei yote, jiandae.

Kama safari zako ni za mtaani na sokoni, hela hiyo nunulia helmeti nzuri na taa ya kawaida yenye mwanga mkali. Kama unatoka nje ya mji kwenye barabara za malori, mimi ningeinunua tena.

Saiti mira nayo niliifunga, mwezi wa tatu. Rada inaniita, kioo kinanionesha ni nani na amekaa upande gani. Fundi alinitoza elfu kumi, na nilipolalamika akasema kwa mtu mwenye taa ya laki tano hiyo ni bei ya msaada.