Redi waini ya Ufaransa: ipi ununue, ipi uilaze

Jamani kabla hujatoa hela, waini nyingi za Ufaransa zimetengenezwa zinywewe mapema, ukiziweka miaka kumi zinakufa tu. Mi nazipanga hivi.

Ya kwanza Côtes du Rhône, zabibu yake kubwa ni Grenache ikichanganywa na Syrah, nzito kiasi, inanukia pilipili manga kwa mbali, na bei haiumi. Kondoo wa kuoka, nyama choma, vyote vinaenda nayo. Imalize ndani ya miaka 3 mpaka 5 toka mwaka ulioandikwa kwenye lebo.

Ya pili Beaujolais. Zabibu ni Gamay, nyepesi, ndo ya kumpa mtu anayelalamika redi waini chungu, iwe na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14, kuku au soseji pembeni. Ile Nouveau, yaani waini mpya ya mwaka huohuo inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, usiitunze kabisa, ila lebo ikisema Morgon au Moulin-à-Vent hiyo nayo ni Beaujolais na inaweza kufika hata miaka kumi.

Ya tatu Bordeaux, hapa ndo hela za watu zinapotea. Ikiwa na zabibu ya Cabernet Sauvignon nyingi na bado changa inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake, hiyo ni tanini, na ndo inayoifanya idumu, afu miaka inailainisha. Ila zinazostahili kungojwa miaka 10, 20 ni zile za majina makubwa kama za orodha ya mwaka 1855 iliyopanga waini za Bordeaux kwa madaraja, ya bei ndogo kunywa tu, na steki yenye mafuta maana mafuta yanapunguza ule ukali. Changa imimine kwenye jagi saa nzima kabla. Ya zamani isimamishe siku moja mashapo yatue, mimina taratibu huku unamulika shingo ya chupa, ukiona uzi mweusi unakuja, acha hapohapo.

Ya mwisho Bourgogne, zabibu ni Pinot Noir, na bata au uyoga ni tamu sana kwa kweli, ila ya bei rahisi mara nyingi ni majimaji.

Wakisema redi waini inywewe na joto la chumba wanamaanisha nyuzi 16 hadi 18, sio sebule ya Dar mwezi wa pili, kwa hiyo friji nusu saa. Ya kutunza ilaze gizani, nyuzi 12 au 13, kizibo kisikauke. Mi Bordeaux yangu ilikaa juu ya kabati la jikoni miaka miwili, nilipofungua kizibo kimelowa mpaka juu na harufu ya jamu iliyoungua, niliumia. Na dukani chupa iliyosimama dirishani inapigwa jua iache, hata wakikupunguzia nusu bei.