R01 kwa utafiti wa tiba ya dharura: ruzuku nzuri, bajeti ya kuchunga

Kwa mtafiti wa tiba ya dharura Marekani, R01, ruzuku ya mradi wa utafiti ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), ni ya kuhangaikia kweli. Unaandika ukurasa 1 wa malengo na kurasa 12 za mpango. Ukikosa, unarudishiwa maoni ya maandishi ya wapitiaji, na hayo pekee yana thamani kubwa.

NIH haina taasisi ya tiba ya dharura. Ofisi iliyoanzishwa 2012 huratibu tu, haigawi fedha. Kwa hiyo ombi la kiharusi lipeleke NINDS, taasisi ya NIH ya ubongo na neva, na la moyo NHLBI, taasisi yake ya moyo, mapafu na damu.

Kasoro kubwa ni bajeti ya mafungu ya dola 25,000, ambayo haiorodheshi kila gharama. Inakomea dola 250,000 kwa mwaka, kikomo kilekile tangu 1999. Mgonjwa ambaye moyo umesimama huletwa saa 9 usiku, na wa kumsajili lazima awe pale pale mlangoni. Wiki ina saa 168. Kila mtu akifanya saa 40 kwa wiki unahitaji watu zaidi ya 4, hapo hujanunua hata bomba la sindano. Ukiweka mtu mmoja wa mchana, usajili unakwama na matokeo yanaegemea wagonjwa wa mchana. Afadhali bajeti ya kina, inayoorodhesha kila gharama. Ikifika dola 500,000 kwa mwaka, omba kibali cha NIH wiki 6 kabla ya kutuma ombi.

Tengea fungu pia mikutano na jamii na matangazo: kanuni ya 1996 inayoruhusu kumsajili asiyejitambua bila ridhaa inayadai yote mawili, na huchukua miezi.