Nilinunua maiki saba za dramu, natumia tatu

Saa tano usiku dogo anayepigia dramu kwaya moja ya huku Machame alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Sinea yangu umeiweka wapi?"

Mchana wake nilikuwa nimemrushia wimbo wao, nikiwa nimeridhika nao kabisa. Nikavaa hedifoni nikausikiliza tena. Sinea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali wa kupasuka, ipo, imenona, inagonga kushoto na kulia. Nikamjibu ipo. Akajibu neno moja: "Simu." Nikachomoa hedifoni, nikaucheza kwenye spika ya simu yangu. Kweli bwana. Ile sinea iliyonona ilikuwa imegeuka mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria kwa kijiko, tena chumba cha pili.

Nimeanza na hapo kwa sababu watu wengi wananiuliza kama lile boksi la maiki saba za dramu ni la kununua. Jibu langu limetokana na usiku ule kuliko siku niliyofungua boksi.

Studio yangu ni chumba cha uani hapa Pasua, Moshi. Mita tatu na nusu kwa tatu, dari iko mita mbili na nusu hivi, juu yake bati. Kwa miaka kadhaa nilirekodi sauti za watu, gitaa na kinanda tu. Dramu nilikuwa napanga kwenye kompyuta. Kisha wakaanza kuja wanakwaya wenye mpiga dramu wao, mtu wa damu na nyama, hataki kusikia habari za kompyuta. Ndipo nikaagiza boksi kutoka Dar. Likapanda basi, nikalipokea stendi jioni, laki tatu na themanini bila nauli ya mzigo. Jina la kampuni silitaji, wala la muuzaji, na mtaelewa kwa nini mbele ya safari.

Ndani mlikuwa na maiki kubwa moja ya kiki (hii ni ile ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa pedali, si kiki wanayotafuta wasanii mitandaoni), nne za kubana kwenye sinea na tomu (zile ngoma nyingine za kupigwa kwa fimbo), na mbili nyembamba za kondensa, aina inayosikia hata visauti vidogo, za kuning'iniza juu ya matoazi. Begi gumu, sponji nyeusi, kila kitu kimelala kwenye shimo lake. Linapendeza machoni, sikatai.

Ujinga wa kwanza ulikuwa wangu mwenyewe. Saundi kadi yangu, ile mashine inayoingiza sauti za maiki kwenye kompyuta, ni Behringer UMC404HD, na ile nne kwenye jina lake ina maana: milango minne ya maiki. Nilinunua maiki saba nikiwa na milango minne. Nilikuwa nimeangalia picha ya boksi, sikuangalia mashine yangu. Kama nawe una yenye milango miwili, hata usiendelee kufikiria maiki saba. Mbili nzuri zitakutosha, nitaeleza.

Kabla ya hapo niseme kidogo kuhusu chumba, maana nilipoteza miezi miwili nikilaumu maiki wakati mkosaji ni ukuta. Nilikuwa nimebandika trei za mayai ukuta mzima, kama studio nyingi za mtaani. Zinaonekana kazi kweli. Lakini zile ni karatasi nyepesi. Zinapunguza kidogo vile visauti vya juu, kisha uvumi wa kiki na tomu unapita kama hakuna kitu, na zikishika moto umekwisha. Nilizibandua zote. Nikashuka Kiborloni kwenye mitumba nikachagua mablanketi mazito, yale yenye uzito wa kondoo aliyenyeshewa. Fundi akanipigia fremu za mbao, nikakunja kila blanketi mara mbili na kulining'iniza sentimita kumi mbali na ukuta. Fremu moja nikaifunga darini, juu kabisa ya dramu. Hiyo ya dari ndiyo iliyobadilisha mambo. Maiki ikiwa sentimita 75 chini ya dari, mlio unaipita, unapanda, unagonga dari na kurudi kwenye maiki ileile ukiwa umechelewa kama milisekunde 4. Unasikia matoazi yana sauti ya bomba. Unadhani maiki mbovu, kumbe dari.

Hayo mablanketi hayazuii sauti isitoke nje, lakini. Mama wa nyumba ya pili bado ananipigia hodi. "Mwanangu, hiyo ngoma yako inamwamsha mjukuu." Shikamoo mama, naacha sasa hivi. Ratiba yangu ni saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mtoto akiwa macho.

Sasa turudi kwenye ile sinea iliyopotea.

Maiki mbili za juu nilikuwa nimezitundika kwa kukadiria, moja kushoto moja kulia, zimesimama sawa, picha nzuri ya kuweka status. Asubuhi baada ya ule ujumbe nilikwenda kwa mama huyohuyo, ambaye pia ni fundi cherehani, nikamwomba tepu yake ya kupimia. Nikashika ncha moja katikati ya ngozi ya sinea, nyingine nikaipeleka kwenye kichwa cha maiki ya kushoto: sentimita 81. Ya kulia: 98. Tofauti 17.

Kumi na saba si kitu ukipima suruali. Kwenye sauti ni msiba. Katika hewa ya kawaida sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Kwa hiyo pigo lilelile la sinea lilikuwa linafika maiki ya kulia nusu milisekunde baada ya kufika ya kushoto. Kwa mtetemo wa hezi 1000, yaani mizunguko 1000 kwa sekunde, nusu milisekunde ni nusu ya mzunguko mzima: maiki moja inasukumwa, nyingine inavutwa. Ukisikiliza kwa hedifoni, sikio la kushoto linapata yake na la kulia linapata yake, hakuna ugomvi. Ukipeleka kwenye simu yenye spika moja, au ile spika moja ya kwenye bajaji, zote mbili zinamiminwa kwenye chombo kimoja. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: wote wanatoka jasho, mlango haufunguki. Wataalamu wanaita fezi, na haihusiani na fezi ya luku yako. Na wasikilizaji wetu, tuseme ukweli, wanasikiliza kwenye simu.

Nikalegeza stendi, nikapima upya, nikafunga. Upangaji ninaoutumia sasa ni ule unaojulikana kwa jina la Glyn Johns, fundi wa sauti wa Uingereza aliyeirekodi bendi ya roki ya Led Zeppelin mwishoni mwa miaka ya 1960. Maiki moja inakaa juu ya sinea, kama mita moja, inatazama chini. Ya pili haikai juu kabisa. Inakaa upande wa kulia wa mpigaji, nyuma ya tomu kubwa ya chini, imeinuka kiganja kimoja au viwili juu ya ukingo wake, na inatazama ng'ambo kuelekea sinea na haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu). Umbali wa kila moja mpaka katikati ya sinea lazima ulingane. Mimi nimeweka sentimita 95 kwa 95 kwa sababu chumba hakiniruhusu zaidi. Ukikosa tepu, chukua kamba, shika ncha moja kwenye sinea, ivute mpaka maiki ya kwanza, finya pale kwa vidole, kisha izungushe mpaka ya pili. Kamba haidanganyi. Jicho linadanganya, hasa kama stendi moja imeinama.

Siku hiyo dogo alikaa, akapiga dakika mbili tu, mimi nikiwa na hizo mbili peke yake. Nikacheza kwenye simu. Sinea ipo. Tomu zipo, zina tumbo. Dogo akasogea karibu na simu akaniangalia. "Kumbe hapo hujaweka maiki nyingine?" Sijaweka.

Mlango wa tatu ni wa kiki. Hapa boksi linastahili sifa: ile maiki kubwa ni nzuri kuliko bei yake. Lakini nayo ni mpaka uijue mahali pake. Kiki ya dogo ina tundu kwenye ngozi ya mbele. Ukiiacha maiki nje ya tundu unapata upepo na uvumi, pigo hulioni. Ukiiingiza mpaka karibu na nyundo ya pedali, sentimita tano hivi, unapata "tk tk tk" kama mtu anachapa kwenye kompyuta. Mimi naiweka ndani katikati, imegeuka kidogo isitazame nyundo moja kwa moja, na nimelaza blanketi dogo chini liguse ngozi zote mbili. Kisha kwenye programu nabonyeza kile kitufe cha duara lililokatwa mstari, kinachogeuza mawimbi juu chini, nasikiliza, nabonyeza tena, nasikiliza. Upande wenye besi nzito zaidi ndio nauacha. Sekunde kumi, bure kabisa, na mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kiki na katoni.

Mlango wa nne ni wa sinea, na humo nimechomeka Shure SM57 niliyokuwa nayo tangu zamani, si ya kwenye boksi. Maiki hii iko sokoni tangu 1965 na bado sijaona sababu ya kuikimbia. Naiweka vidole viwili juu ya ukingo, imeinama kutazama katikati ya ngozi. Kitu wengi hawakijali ni mgongo wake. Maiki ya aina hii husikia mbele na ni kiziwi nyuma, kwa hiyo mgongo naugeuzia haihati. Ukiiweka kwa ubavu haihati inaingia kwa fujo, na hapo hata umiksi mpaka kesho hutaitoa. Angalizo la njiani: feki ni nyingi. Halisi ina gramu 284. Yangu niliipima kwa mangi wa dukani, kwenye mizani ya sukari, akanicheka. Ilisoma 280 na kitu. Rafiki yangu wa Majengo ya kwake ilikuwa nyepesi kama chupa tupu ya maji.

Sasa mabaya ya boksi, maana mpaka hapa mtadhani nimelipwa.

Vibanio vya plastiki vya kushikia maiki kwenye ukingo wa tomu: viwili vilivunjika wiki ya kwanza, kimoja katikati ya wimbo, maiki ikaangukia ngozi na kurekodi mlio wa mwisho wa maisha yake. Pini ya moja ya zile nne ilikuwa inacheza tangu siku ya kwanza, ukigusa waya inakoroma. Na kati ya kondensa mbili, moja ina uvumi wa chinichini kuliko mwenzake. Kwenye dramu hausikiki kwa sababu dramu yenyewe ni kelele, lakini jaribu kurekodia gitaa taratibu utajua. Nilipompigia muuzaji alisema niongee na aliyeleta mzigo. Aliyeleta mzigo ni dereva wa basi.

Kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya uleule wa maiki. Saundi kadi inautoa, ila yenyewe inategemea adapta ya ukutani. Umeme ukikatika kompyuta inabaki inawaka, maiki zote kimya. Imenitokea katikati ya pigo bora la siku. Sasa nina betri ndogo ya akiba. Na masika, msinialike kurekodi. Mvua ya Aprili kwenye bati na maiki mbili zinazosikia kila kitu, unapata kwaya, dramu, na Kilimanjaro nzima inamwaga maji.

Jambo dogo lakini limeniokoa: wakati wa kupima kiwango cha sauti inayoingia, mpigaji hupiga kwa adabu. Taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka anakuwa simba. Kwa hiyo mwambie apige pambio la nguvu kuliko yote, weka kilele kwenye desibeli 12 chini ya sifuri (sifuri ndiyo mwisho wa kipimo cha programu), kisha usiguse tena.

Ningenunua tena? Boksi zima, hapana. Kama ningejua ningetafuta kondensa mbili zinazofanana na maiki moja ya kiki, basi, na chenji ningeongeza mablanketi. Kwa kanisa lenye miksa kubwa na jukwaa, ambako kila tomu lazima isikike mpaka nyuma, boksi lina maana yake, mradi wanunue vibanio vya chuma.

Zile za tomu zilizobaki nzima ziko kwenye begi lao, sponji bado nyeusi. Naziuza. Aje mwenye saundi kadi ya milango minane, na aje na tepu yake, maana hii ya mama nimeshaambiwa niirudishe mara mbili.