RB, PF3 na "mkayamalize": uzoefu wangu wa kushtaki kwa kupigwa ngumi

Kituo sikitaji. Ni cha hapa Dar es Salaam, na kwa ninavyosikia kwa watu waliopita vituo vingine, mambo hayapishani sana. Kisa chenyewe kidogo: jirani yangu wa fremu ya pili alinipiga ngumi ya mdomo tukigombania sehemu ya kupanga bidhaa nje ya duka. Mdomo ukachanika, jino la mbele likalegea. Hakukuwa na panga wala aliyelazwa. Kesi za namna hii polisi wanazo kila siku, na ndiyo maana nataka kueleza zinavyopokelewa.

Kaunta walinipokea vizuri, niseme ukweli. Afande wa kike aliyekuwa zamu alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika taarifa, akanipa namba ya RB (yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo) kwenye kikaratasi na PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha, niende nayo hospitali. Hakuomba hata senti. Hapo nawapa tano kwa tano.

PF3 ndiyo roho ya kesi nzima, ila wengi tunaichukulia kama kibali cha kutibiwa tu. Daktari akiandika maumivu yasiyo na dhara la kueleweka, shauri lako linaelekea kwenye shambulio la kawaida, kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho mwisho wake ni kifungo cha mwaka mmoja. Akiandika jeraha, hilo ni shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, hadi miaka mitano. Wangu alikuwa ameshaandika "uvimbe mdomoni" na kalamu iko kwenye sahihi. Nikamwomba alitazame jino. Akalitikisa kwa kidole, nikaruka, akaliandika. Kabla ya kuirudisha nikatoa kopi pande zote, maana fomu ikishaingia kwenye jalada kuiona tena ni kazi.

Kwa mpelelezi ndipo huduma ilipoanza kuchoka. Kwanza, kumpata mtuhumiwa kukawa kazi yangu: "Ukimwona mahali, tupigie." Mtu mwenyewe yuko dukani kwake kutwa nzima, tunatenganishwa na ukuta! Nilipopiga, gari halina mafuta. Maana ya hayo mafuta kila mtu mjini anaijua. Nikajifanya nimeingia mjini jana, nikasema nitasubiri. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyempigia simu, jamaa akaja kituoni kwa miguu yake, akaandikisha maelezo, akadhaminiwa jioni ile ile. Dhamana hiyo sikuichukia. Ni haki yake, na bango la "Dhamana ni bure" lilikuwa ukutani juu ya vichwa vyetu.

Kisha likaja neno lenyewe kutoka kwa mpelelezi. "Ndugu yangu, wewe mfanyabiashara. Mahakamani utazungushwa, leo hakimu kasafiri, kesho shahidi hajaja, duka atakuuzia nani? Mkayamalize." Alisema kwa upole, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Majalada mezani kwake yalikuwa yamepandana mpaka usawa wa dirisha. Ila tazama maneno hayo yanambana nani. Aliyepiga haambiwi kwamba kesi zinachelewa. Anaambiwa aliyepigwa, ili ashushe madai yake. Upelelezi nawapa mbili, na moja kati ya hizo ni ya ule upole.

Mimi sipingi suluhu. Nitaendelea kufungua duka ubavuni kwake, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yenyewe inaipa mahakama nafasi ya kupatanisha watu kwenye shambulio dogo kama hili, kwa fidia au masharti mengine. Lakini hiyo ni mahakama. Karatasi niliyowekewa mbele kituoni ilisema mlalamikaji hana nia ya kuendelea na shauri, na mwenzake atagharamia matibabu. Shilingi ngapi, haikusema. Lini, haikusema. Ningesaini, jalada lingefungwa siku hiyo na jino lingebaki langu. Nikasema kwa heshima: afande, aandike kiasi na alipe hapa hapa, la sivyo shauri liende. Jirani akacheka. Shauri likaenda.

Mahakama ya Mwanzo nayo ina yake. Pale hukuti mwendesha mashtaka wa kukusemea. Unasimama mwenyewe, unaeleza kwa Kiswahili, unaleta mashahidi wako. Kuahirishwa kulikuwepo kama nilivyoonywa. Kuna siku tulikaa benchi tangu asubuhi, saa sita tukapewa tarehe nyingine. Lakini yule aliyecheka kituoni hakucheka pale. Shahidi wangu akiwa bado anaeleza, yeye mwenyewe akaomba tupatane. Hakimu akatuuliza mmoja mmoja kama tumeridhia, akaandika kiasi, akaandika tarehe za kulipa.

Sasa najiuliza kituo kinashindwa nini kuandika hayo mawili kwenye karatasi yake na kumpa mlalamikaji nakala. Wino ni ule ule. Malipo ya kwanza ameshatoa, nimempelekea daktari wa meno. Ya pili inaangukia mwisho wa mwezi huu, na asipolipa najua pa kurudi.