Kusuka injini ya DT125: nilianza na 135,000, nikaishia 490,000

Ndani ya mwaka mmoja na nusu nimeisuka injini ya pikipiki yangu mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia shilingi 135,000, mara ya pili 490,000, na ile ya 135,000 ndiyo iliyonitia hasara. Naandika kwa yeyote mwenye tuu stroki uani (pikipiki ya injini inayochoma oili pamoja na petroli), kiki imekuwa laini, na kila fundi anayepita anamwambia "badilisha ringi za pistoni tu, itakaa sawa."

Yangu ni Yamaha DT125, niliinunua kwenye mnada wa mradi mmoja wa maji hapa Iringa ikiwa imeshakula vumbi la vijijini miaka mingi. Silinda yake ikiwa standadi ina upana wa milimita 56 na pistoni inasafiri milimita 50, ndizo zile cc 123. Naendea Kilolo, masika na kiangazi. Kwa wepesi wake, na kwa jinsi inavyoamka ukishapandisha resi kwenye kilima, sijapanda nyingine ya bei ile nikaridhika hivyo. Kuiuza kama chuma chakavu sikutaka hata kusikia.

Dalili zilianza taratibu. Asubuhi kiki inashuka bila upinzani. Kilima nilichokuwa napanda na gia ya tatu kikaanza kudai ya pili. Fundi wa mtaani alifungua hedi na bloku injini ikiwa palepale kwenye fremu. Kwenye tuu stroki hiyo ni kazi ndogo, maana hedi yake haina valvu wala cheni ya taimingi. Pistoni ilikuwa na michubuko pembeni. Silinda ikapelekwa kwa wakereza vyuma mjini, ikachongwa kwenda 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya upana wa standadi, na baada ya kuchongwa ndipo tukaanza kutafuta pistoni. Hilo lilikuwa kosa. Pistoni tuliyoipata ililegea ndani ya silinda, na injini ikiwa baridi ilikuwa inagonga. Kosa kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyeangalia sili za kranki, zile raba zinazoziba ncha mbili za shafti inayozungushwa na pistoni, na mimi sikujua kwamba ni za kuulizia.

Kwenye injini hizi hewa na petroli hupita kwanza chini, ndani ya chumba cha kranki, ndipo vikapanda kwenye silinda. Sili ya upande wa magneti, gurudumu linalozalisha umeme, ikichoka, injini inavuta hewa ya nje. Hewa inazidi, petroli inapungua, pistoni inachemka. Ya upande wa klachi ikichoka, inanyonya oili ya gia na unaona moshi mweupe usiokwisha. Kwangu zote mbili zilikuwa zimekufa. Mwezi wa nne tangu ifungwe, resi ikaanza kupanda yenyewe nikiwa nimeachia mkono. Nikadhani ni kabureta, nikahangaika na skrubu zake siku mbili. Siku ya tatu pistoni ikashika, yaani ikanasa ndani ya silinda, nikiwa kilimani na tairi la nyuma likafunga. Niliwahi klachi, nikasimama. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari nyuma yangu.

Safari ya pili niliamua injini ishuke na ipasuliwe katikati. Hapa ndipo jasho lilipo. Magneti haitoki kwa nyundo, inataka pula yake, kifaa cha kuivutia, na ukiipiga utaharibu ncha ya kranki. Kranki yenyewe imebanwa kwa presi, kwa hiyo huwezi kubadilisha konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, nyumbani. Nilishika konrodi nikaivuta juu na chini: ilicheza. Kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida, lakini juu na chini haitakiwi kucheza hata chembe.

Nikaifunga kranki kwenye gunia, nikapanda basi hadi Dar, Gerezani. Fundi niliyeelekezwa aliitenganisha, akaweka pini, beringi na konrodi mpya, akaibana tena, kisha akaiweka katikati ya ncha mbili na kuisogezea geji ya saa. Akawa anazungusha, anasoma mshale, anagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, anazungusha tena, mpaka mshale ukawa hauvuki 0.03 ya milimita. Nilisimama pale asubuhi nzima na sikuchoka kutazama. Alinitoza 40,000. Angesema 80,000 ningelipa.

Silinda nayo nilikwenda nayo pamoja na pistoni mpya mkononi. Waliipima pistoni kwanza, ndipo wakachonga kwenda 0.75 kwa kuifuata hiyo hiyo, wakiacha nafasi ya kama milimita 0.04. Niliwaomba wasugue kingo za matundu ndani ya silinda, kwa sababu ukingo mkali hunasa ringi na kuivunja. Mkerezaji akicheka ombi hilo, chukua silinda yako uondoke.

Pesa zilikwenda hivi: pistoni na ringi zake 75,000, kuchonga 35,000, konrodi na vifaa vyake 95,000, kubana na kunyoosha kranki hizo 40,000, beringi mbili kubwa 36,000, beringi ya juu ya konrodi 12,000, gasketi 18,000, fundi wa kufunga 100,000, nauli na vifurushi 65,000. Sili zote mbili zilikuwa 14,000. Kumi na nne elfu! Ningezibadilisha mara ya kwanza, injini isingeshika. Kazi nzima ilichukua wiki tatu, nyingi zikiwa za kusubiri spea.

Tangi la kwanza nilichanganya oili kwenye petroli, lita moja kwa 25, ingawa pampu ya oili inayoilisha injini yenyewe inafanya kazi, maana pampu ikiwa na hewa utajua pistoni ikishashika. Kilomita 500 za mwanzo sikuikamua, na ilipopoa baada ya safari ya kwanza nikakaza upya nati za hedi. Sasa imetembea 2,600. Kiki inasukuma mguu, moshi unaisha ikishapata moto, na kile kilima napanda na ya tatu.

Kama unatafuta chombo cha bodaboda, 490,000 iweke akiba ya Boxer. Spea zake ziko kila duka na utafanya kazi kesho. Kama ni DT unayoipenda, ipasue yote mara moja. Yangu imebakiza saizi moja tu, 1.00, baada ya hapo ni kuweka slivu mpya, ile bomba la chuma la ndani ya silinda, na nimeshaanza kuulizia bei yake kule Gerezani.