Macbeth kwa masikio: uzoefu wangu na rekodi ya sauti

Nimeisikiliza rekodi hii ya Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, yote, kisha nikalirudia tena na tena onyesho la tatu la tendo la pili, pale Mfalme Duncan wa Scotland anapokutwa ameuawa. Hapo ndipo pesa yangu iliporudi.

Shakespeare hakuileta maiti ile jukwaani. Duncan anachomwa visu chumbani, ndani ya ngome ya Macbeth kule Inverness, na hadhira haimwoni tena. Kinachotufikia ni sauti tu. Ndiyo maana naamini tamthilia hii, iliyoandikwa yapata mwaka 1606, inakubali sana kusikilizwa taa zikiwa zimezimwa.

Mlango unaanza kugongwa Macbeth na mkewe, wauaji wenyewe, mikono yao ingali na damu. Nilivaa spika za masikioni: mlio wa kwanza wa kugonga ulitokea mbali, upande wa kushoto, mzito kama wa mbao nene, kisha ukazidi kusogea. Bawabu mlevi anajifanya yuko zamu kwenye lango la jehanamu na wala hana haraka ya kufungua. Wapo wanaoikata sehemu ya bawabu huyu wakidhani ni mzaha mtupu. Watayarishaji wa rekodi hii wamemwacha aseme yote, nami nawashukuru, maana kadiri anavyochelewa ndivyo roho inavyokupanda.

Kisha Macduff, mmoja wa makabaila wa mfalme, anaingia kumwamsha. Nje, kabaila mwenzake Lennox anamsimulia Macbeth habari za usiku uliopita: mabomba ya moshi yameangushwa na upepo, vilio vimesikika hewani, ndege wa giza amelia usiku kucha. Macbeth anajibu kwa kifupi kwamba kweli, usiku ulikuwa mbaya. Basi! Mwigizaji anameza mate kabla ya kusema, na mate yale unayasikia. Lennox hajui kitu, sisi tunajua, na muda wote huo Macduff yuko chumbani. Sijasikia ukimya uliopimwa vizuri namna hii.

Macduff anaporudi anatamka neno lilelile la kutisha mara tatu. La kwanza halina pumzi kabisa, la pili linapanda, la tatu ni ukelele. Nilisisimka mwili.

Bahati mbaya, kengele inapolia watayarishaji wamemwaga fidla juu yake. Lady Macbeth anapouliza, "Nini! Nyumbani mwetu?" na Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, akamjibu kwamba ni ukatili popote pale, maneno yanazama kwenye muziki. Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja! Pia wana wa mfalme sauti zao zinafanana mno. Asiyeijua hadithi hatatambua kwamba Malcolm ndiye anayekimbilia Uingereza na Donalbain Ireland.

Lakini Macbeth anapojieleza kwa nini amewaua walinzi wa mfalme, maneno yakizidi kumtoka, mkewe anaomba kuondolewa pale, na unasikia kishindo na mchakacho wa nguo. Amezimia kweli, au anamwokoa mumewe anayeropoka? Mwigizaji hakututegulia kitendawili hicho, na amefanya vyema.

Naipa nyota nne. Kwa mwanafunzi anayesumbuliwa na Kiingereza cha zama zile, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968 ikiwa mkononi itamsaidia sana kufuatilia. Aanzie onyesho la pili la tendo hilo la pili, na bawabu asimruke.