Saizi tatu za tairi la inchi 16 kwa Land Cruiser, Prado na Hilux za zamani: ipi inafaa njia za kusini mwa Tanzania

Gari la 4WD lenye umri wa miaka 20 likifikishwa kwa fundi pancha, swali la kwanza huwa "bosi, unataka tairi gani?" Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Kwenye gari kuukuu anayeamua ni rimu, kwa sababu rimu zilizopo mara nyingi si zile zilizotoka nazo kiwandani: limebadilishwa mikono mara nne, na kila mwenye gari kaweka zilizomvutia. Tunazipima hapa saizi tatu, 7.50R16, 235/85R16 na 265/70R16, lakini tunaanzia kwenye chuma kabla ya mpira.

Hilux na Prado ya 90, Land Cruiser 80, na Land Cruiser 70 za kabla ya 1999 (90, 80 na 70 ni namba za toleo, si miaka) zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. HZJ78 na HZJ79 zilizofuata zina stadi 5 kwenye duara la 150. Defender na Discovery ya kwanza ni stadi 5 kwenye 165.1. Rimu ya matundu 6 hupimwa kirahisi: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Ya matundu 5 haina matundu yanayotazamana, kwa hiyo pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 88 hiyo ni ya 150. Ukipata 97 ni ya Land Rover.

Matundu kulingana hakumaanishi rimu imekubali. Tundu la kati la rimu za Hilux na Prado ya 90 ni kama milimita 106. Rimu ya Pajero ya miaka ya 2000 ina matundu 6 yaleyale ya 139.7, ila tundu la kati ni 67, haiingii kwenye habu ya Toyota hata ukiipiga nyundo. Ya Nissan Patrol ina tundu la 110, inaingia, na hapo ndipo watu hudanganyika: inabaki na nafasi pande zote, na usipoikaza vizuri usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa. Zaidi ya hapo, nati za Patrol zina uzi wa 12x1.25 wakati Toyota za stadi 6 ni 12x1.5. Nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota hushika nyuzi mbili tatu za mwanzo, halafu spana inazidi kuwa nzito, na fundi asiyejali anaongeza bomba. Stadi imekwisha hapo.

Kosa jingine la nati halionekani kwa macho ya haraka. Rimu ya chuma hukazwa kwa nati yenye kichwa cha koni. Sport rimu (za aluminiamu) nyingi za Toyota za miaka ya 1990 hukazwa kwa nati ya shingo ndefu yenye washa bapa. Ukiweka ya washa kwenye chuma, gurudumu halikai katikati na nati hulegea. Ukiweka ya koni kwenye sport rimu ya washa, aluminiamu hupasuka kuzunguka tundu. Anayenunua rimu adai na nati zake.

Sasa saizi zenyewe.

7.50R16 ndiyo tairi la Land Cruiser 70 za kazi: jembamba, refu (kipenyo kama milimita 808), huvaa tyubu na flepu (mkanda wa mpira unaoikinga tyubu na rimu), na hukaa kwenye rimu ya inchi 5.5 yenye ringi ya kufungia. Sifa yake ni moja, lakini kubwa. Likitoboka katikati ya Nangurukuru na Liwale, vyuma viwili vya kubandulia na pampu vinatosha kulitoa, kuziba tyubu na kulirudisha. Halihitaji kompresa ya kulisukuma tairi likae kwenye kingo. Ubaya wake ni ringi. Ringi iliyoliwa na kutu au kupinda kidogo inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo, na ikiruka inaua. Jaza kwanza psi 10, simama pembeni si mbele yake, hakikisha ringi imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, ndipo uendelee, tairi likiwa limefungwa mnyororo au limewekwa chini ya gari. Ringi isiyokaa sawa haigongwi na nyundo wakati kuna upepo ndani. Toa upepo wote, anza upya. Na kwenye mchanga usishuke chini ya psi 25: tairi litageuka juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu.

235/85R16 ndiyo chaguo letu kwa mtu wa Mtwara anayetaka kuachana na ringi. Kipenyo ni milimita 806, yaani karibu sawa na 7.50, kwa hiyo spidi haidanganyi, gia hazibadiliki na hakuna kinachosugua. Ubavu ni mrefu, tairi ni jembamba, linakata tope laini na kufika kwenye ardhi ngumu. Lile la LT (la magari ya mizigo midogo) lenye namba ya mzigo 120/116 hubeba kilo 1,400 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli. Magunia ya korosho nyuma hayalitishi. Sharti lake ni rimu ya kipande kimoja yenye upana wa inchi 6 hadi 7.5. Wapo wanaolivalisha kwenye rimu ileile ya 5.5 kwa kuweka tyubu ndani. Linaingia, lakini kingo zinabanwa, katikati ya uso kunavimba na kulika kabla ya pembeni, na ubavu unapata joto.

265/70R16 ni la Prado ya 90 na ndugu zake, kipenyo milimita 777, rimu ya inchi 7 hadi 9. Kwenye lami ya Mtwara, Lindi hadi Kilwa halina mpinzani kati ya haya matatu: linatulia kwenye kona na breki za mvua zinashika. Soma namba ubavuni kabla ya kulipa, maana saizi ni moja lakini la kawaida lenye namba ya mzigo 112 hubeba kilo 1,120 tu, na la LT ni jingine kabisa. Anayetaka kuinua gari kwa kuweka 265/75R16 ajue hesabu: kipenyo kinafika 804, gari linapanda milimita 13 peke yake, spidi ikisoma 80 unakwenda karibu 83, na usukani ukikatwa mwisho tairi linaweza kugusa mpira wa kuzuia tope.

Kuhusu uso wa tairi hatuna maneno mengi. AT (all-terrain, ya njia zote) ndiyo ya kusini. MT (mud-terrain, ya tope) yenye kashata, yaani vitalu vya mpira vya usoni, kubwa ina maana kwa gari linaloishi kwenye udongo mfinyanzi kati ya Desemba na Aprili. Kwa wengine ni kelele na breki mbaya kwenye lami iliyolowa. BFGoodrich KO2 tunaipenda kwa ubavu wenye tabaka tatu za nyuzi, jambo la maana panapokuwa na visiki vya mikorosho na mawe ya kingo, maana tundu la ubavuni halizibwi likapona. Geolandar A/T ya Yokohama na Dueler A/T ya Bridgestone ni laini zaidi kwenye lami.

Kwa matairi ya mtumba, angalia namba nne za mwisho baada ya neno DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 6 tunalikataa hata kama kashata zimejaa, kwa sababu jua la pwani hukausha mpira kutoka nje. Likiandikwa STUDLESS liache hapohapo. Hilo ni tairi la theluji ya Japani, mpira wake ni laini mno kwa lami ya moto, linalika kama sabuni.

Prado ya 90 na Land Cruiser 80 nyingi, pamoja na Defender, zinaendesha magurudumu yote muda wote, hivyo matairi manne lazima yawe saizi moja na yawe yamelika sawa. Mawili mapya mbele na vipara nyuma yakitofautiana milimita 8 za kashata, kipenyo kimetofautiana milimita 16, karibu asilimia 2, na difu ya kati inaifidia tofauti hiyo kila mita unayokwenda.

Kaza nati za 12x1.5 kwa mpangilio wa nyota, Nm 105 hadi 115 kwa sport rimu. Asiye na spana ya kipimo atumie ya sentimita 50 na akandamize mwishoni kwa uzito wa kama kilo 22, asiipande kwa miguu. Zirudie baada ya kilomita 50. Mchanga wa Msimbati unataka psi 18 kwa tairi lisilo na tyubu, mwendo wa polepole bila kukata kona ghafla, na upepo urudishwe kabla ya kurudi lamini. Ukitoka huko osha rimu upande wa ndani pia: chumvi hula ukingo ambapo tairi linakaa, upepo unaanza kutoka kidogokidogo, na pancha inatafutwa wiki nzima bila kuonekana. Dawa ni kulitoa tairi, kupiga brashi ya waya hadi chuma kiwe safi, kupaka rangi, na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kulirudisha.